Habari za Shiundu, Fahali wa Michongoma, na Vita vya Tawi la Mzambarau

Tegeni masikio, enyi wakazi wa mashariki ya mji, enyi mlalao baina ya Jogoo Road na reli! Wewe uliye kwenye foleni ya bomba, tua ndoo yako. Wewe unayekaanga mandazi, punguza moto. Na wewe fundi wa saa, inua macho, maana saa zote leo zitasimama zisikie. Nileteeni karatasi nyeupe na wino mweusi, kama walivyoitisha watunzi wa kale, niandike habari za vita ambavyo havijapata kutokea tangu mtaa huu ujengwe. Karatasi nyeupe haikupatikana. Nimepewa daftari la hesabu la mtoto Muhonja, lenye miraba, na kalamu inayoandika ikipenda. Haidhuru, tutaanza hivyo hivyo.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba mwezi wa Machi mwaka wa 1998, mvua za El Nino zilipokwisha kutunyeshea hata tukasahau sura ya jua, na jua nalo likarudi na hasira za mtu aliyefungiwa nje, palikuwa na shujaa mtaani petu aitwaye Shiundu wa Butere, mwana wa Muhonja, Fahali wa Michongoma, Kinyozi wa Nyua za Lavington, mwenye umri wa miaka arobaini na sita na goti moja bovu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mtunza bustani wa Mama Helga, Mjerumani, na hapakuwa na ua wa michongoma uliothubutu kuinua kichwa mbele yake akauacha. Haya nimeyapata kwa mtu aliyekuwa karibu na shujaa kuliko shati lake, kwa hiyo asinibishie mtu.

Mama Helga aliporudi kwao mwezi wa Januari, alimwita Shiundu barazani akamkabidhi silaha. Ilikuwa msumeno wa mnyororo, mdogo, wa rangi ya chungwa, usio na waya wala petroli, unaoendeshwa na betri iliyochomekwa nyuma yake kama mkoba. Wakata miti wa mjini wana misumeno yao wanayoiita pawaso, ambayo hunywa petroli na kuamsha watoto waliolala. Huu ulikaa kimya mpaka uubonyeze. Shiundu akauita Radi, ijapokuwa mlio wake, ukweli usemwe, ulikuwa wa cherehani iliyopandwa na hasira.

Kisha Mama Helga akampa amri nne kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Shiundu. Moja: mbele ya kugusa meno, toa betri. Kila siku. Mbili: mnyororo, mafuta. Kavu, hapana. Tatu: kata juu kupita bega, hapana. Nne: betri, jua hapana, joto hapana." Shiundu akaitikia mara nne. Tatu za kwanza alizishika kama zilizoandikwa kwenye jiwe. Ya nne aliielewa kivyake: alikuwa amefanya kazi na Wazungu muda mrefu, akajua kwamba wao wenyewe jua hawaliwezi, hujipaka krimu na kuvaa kofia pana hata wakienda kuchuma nyanya, basi akaona ni haki yao kuziogopea na betri zao. Akawahurumia, akasahau.

Sasa sikieni habari za adui. Mbele ya mlango wa Shiundu umesimama mzambarau. Mbegu yake aliileta mama yake Shiundu, Muhonja mkubwa, ambaye mjukuu wake amepewa jina lake, kutoka Butere mwaka wa sabini na moja, ameifunga kwenye pindo la leso, akaipanda uchochoroni huku majirani wakimcheka kwamba amekuja mjini na shamba lake. Mti ukakua, ukazaa, ukaanza kudondosha zambarau juu ya nguo zilizoanikwa za waliomcheka na wasiomcheka. Mwanawe aliponung'unika kwa sababu ya doa kwenye shati la kanisani, mama alimwambia, "Piga kelele tu. Nikifa utalitafuta hilo doa." Alifariki mwaka wa tisini na moja, akazikwa nyumbani, mwendo wa usiku kucha kwa basi, na Shiundu hufika kaburini Desemba tu, tena si kila Desemba. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa na mti.

Mvua za El Nino zikautia mti huo wazimu. Tawi moja, nene kama paja la mcheza mieleka, likavuka uchochoro, likajilaza juu ya mabati ya Nahashon, katibu wa mtaa, likaikaba koo eriali ya televisheni yake. Upepo ukivuma, taarifa ya habari inakuwa chenga tupu. Nahashon alivumilia wiki tatu, na wiki tatu bila habari ni nyingi kwa mtu anayependa kuwaeleza wenzake yanayotokea nchini.

Siku ya Jumatano akaja mlangoni na karatasi mkononi.

"Shiundu, mimi sina maneno mingi," akasema. "Jumamosi saa kumi lori ya kukata miti inapita hii laini yetu ya nyumba. Hiyo tawi ikiwa bado iko kwa nyumba yangu, wanakata mti mzima. Nimeshaandikisha."

Moyo wa Shiundu ulishuka hadi kwenye goti lile bovu. Lakini mashujaa hawaonyeshi goti. Akatoka nje, akasimama palipo na watu, akapaza sauti akanena: "Ewe Nahashon, mwangalizi wa laini saba na bomba mbili! Nenda ukawaambie wenye lori wasipoteze mafuta yao! Kabla jua la Jumamosi halijainama, mimi Shiundu, kwa mkono huu na kwa Radi yangu iliyotoka Ulaya, nitalishusha tawi hilo kama mtu anayemvua mtoto kofia, na eriali yako haitaguswa hata na jani!"

"Sawa," akasema Nahashon. "Saa kumi."

Jirani yao Muasya, mchonga vinyago, mtu wa maneno machache anayejua mbao kuliko anavyojua ndugu zake, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimpiga twiga msasa. Akasema bila kuinua kichwa, "Shiundu, si nikupatie tu msumeno wangu wa mkono? Hiyo ni kazi ya robo saa."

"Ndugu yangu Muasya," akajibu shujaa, "wakati wa misumeno ya mkono umepita."

Muasya akampuliza twiga vumbi, akaendelea na kazi yake.

Alhamisi jioni Shiundu aliichomeka betri kwenye chaja. Haikupita nusu saa, stima zikapotea laini nzima, wala hazikurudi usiku ule, wala asubuhi yake. Hapa ndipo shujaa alipofanya lile alilofanya, nami nawasihi wasomaji wa vizazi vijavyo msicheke upesi. Nani kati yetu hajaanika betri za redio juu ya mabati? Nani hajaziuma kwa meno zipate uhai wa kumfikisha kwenye dakika ya tisini ya mpira? Ijumaa ile Benta, anayekaanga samaki chini ya kivuli cha mzambarau, alikuwa na betri zake nne juani. Shiundu akapanda mabatini, akailaza betri ya Radi katikati yao, kubwa na nyeusi, kama chifu kati ya raia. Ikaanikwa Ijumaa kutwa na Jumamosi hadi alasiri. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii, kila saa alipanda kuigeuza, ijae pande zote mbili.

"Baba Muhonja," akamwita mkewe Nasike kutoka chini, "una hakika hiyo inaanikwa?"

"Mke wangu, jua ni moja tu, la redio na la msumeno."

Nasike akarudi kwenye sufuria zake. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka kumi na tisa, na alijua yapo mambo ambayo hufunzwa na ulimwengu.

Ikafika Jumamosi, saa tisa. Nani atasimulia jinsi shujaa alivyojivika! Alivaa gambuti hadi magotini. Alivaa helmeti ya manjano ya wajenzi. Akavaa miwani aliyoazima kwa mchomelea vyuma wa Industrial Area, nayo ilikuwa nyeusi hata mchana ukageuka saa mbili usiku, akaanza kumsalimia mzambarau akidhani ni Muasya. Nasike akamvua, akamvisha ile ya plastiki nyeupe aliyoachiwa na Mama Helga. Akavaa glavu za ngozi. Akatia pamba masikioni. Nasike akamfunga mikono ya shati kwa raba isije ikanaswa na mnyororo, akamkaza mshipi, akamtazama juu na chini.

"Usiharakishe," akamwambia. "Mti hauna miguu."

Na hakuharakisha, hapo hata mimi sitamsimanga. Betri ikiwa bado pembeni, aliuvuta mnyororo kwa glavu akaona haukulegea wala haukubana, akajaza mafuta yake hadi kwenye alama, akapangusa unga wa mbao wa zamani uliojificha kwenye kifuniko. Hakupanda ngazi, kwa kuwa mtu aliye kwenye ngazi anahitaji mkono mmoja wa kujishikilia na Radi ilitaka yote miwili. Alijaza mchanga mapipa mawili yasitikisike, akalaza mbao juu yake, na aliposimama hapo shina la tawi lilimfikia kifuani, chini ya bega, kama ilivyoamriwa. Benta akahamisha jiko na samaki wake. Watu wote wakasukumwa nyuma ya kamba. Kamba nyingine, ndefu, ikafungwa kwenye tawi lenyewe, na mwisho wake ukashikwa na Muasya, ili tawi likishuka livutwe uchochoroni lisiangukie mabati. Nahashon alisimama mlangoni kwake akitazama saa.

Shujaa akaichomeka betri. Ilikuwa ya moto, lakini akasema moyoni, "Imeshiba." Akabonyeza.

Radi ikalia! Vifijo vikapaa hadi Muthurwa! Akaanza chini ya tawi, akakata theluthi moja kutoka upande wa tumbo, ili gome lisije likachanika hadi kwenye shina, na unga wa mbao ukamwagika kama chumvi. Akaitoa Radi, akahamia juu, akaanza kushuka kwa upanga wake kuelekea ule mkato wa kwanza. Robo ikaenda. Nusu ikaenda. Tawi likatoa mlio mdogo wa mtu anayejinyoosha kitandani, na umati ukasema "Aaa!" kwa pamoja, na wakati huo huo, enyi wasikilizaji, katikati ya mbao, katikati ya ushindi, Radi ikapunguza sauti, ikasema ng'weee, ikanyamaza.

Shiundu akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya chenye aibu. Na kutoka mwisho wa laini kukasikika mngurumo mwingine, wa injini ya kweli: lori la wakata miti lilikuwa linaingia, mapema kwa dakika kumi, wanaume wanne wamekaa juu yake wakitafuna miwa, na pawaso kubwa iko katikati yao.

"Mzee, hiyo mashini imelala?" akauliza mmoja wao kwa upole, jambo lililouma kuliko tusi.

Hofu ikamwingia shujaa. Aliona mti wote umelala chini, umekatwa vipande, umepakiwa. Aliona mlango wake umetazamana na ukuta mtupu wa Nahashon. Akafikiri labda mnyororo umekwama tu, labda nyuzi mbichi zimeubana, labda ukichokonolewa kidogo utazunguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado kwenye mpini, kidole bado kwenye kitufe. Akavua glavu ya kushoto kwa meno, akaupeleka mkono mtupu kwenye mnyororo.

"Baba Muhonja!" Sauti ya Nasike ilipasua pamba zilizokuwa masikioni. "Betri! Toa betri kwanza!"

Mkono ukasimama hewani. Moja: mbele ya kugusa meno. Shujaa akaivuta betri kutoka nyuma ya Radi, ikaniunguza kiganja, yaani ikamuunguza yeye kiganja, akairusha mkono huu na mkono huu kama muhogo uliotoka motoni, mpaka ikaangukia kwenye beseni tupu la Benta.

"Kwani uliianika?" akauliza yule wa lori.

Watu wengi waliinua macho kidogo kutazama mabati yao wenyewe.

Sasa Shiundu alisimama juu ya mapipa mawili ya mchanga na alikuwa na maneno mengi ya kusema. Angeweza kulaumu stima. Angeweza kulaumu Ulaya nzima. Alimtazama Muasya, aliyekuwa ameshika kamba kwa mikono miwili wala hacheki, akavuta pumzi, akaanza: "Ewe Muasya, simba wa mpingo, wewe ambaye tezo lako..." Akajikatiza. "Muasya, ndugu yangu. Naomba ule msumeno wako."

"Uko nyuma ya kigoda," akasema Muasya. "Nilishaupaka mafuta tangu asubuhi."

Nasike akaukimbilia. Benta na Nahashon, naam, Nahashon mwenyewe, wakaenda kumsaidia Muasya kuvuta kamba, maana nyumba iliyokuwa chini ya tawi ilikuwa ni yake. Shiundu akavaa tena glavu, akaichomoa Radi taratibu kwenye mbao, akauweka msumeno wa mkono pale pale ilipoishia, akavuta, akasukuma. Haukulia kama radi. Ulisema kwaru-kwaru, kama ulivyosema siku zote tangu Adamu. Jasho likamwingia machoni nyuma ya miwani. Watu wa lori wakaacha kutafuna. Mkato wa juu ukashuka, ukashuka, ukakutana na mkato wa chini; tawi likainama, likakatika bila kuchana gome hata ukucha mmoja, na wavutaji watatu wakarudi nyuma kwa pamoja, tawi likazunguka hewani mzunguko mmoja mkubwa wa fahari, likajilaza katikati ya uchochoro kama ng'ombe aliyechoka.

Kijiti kimoja, cha mwisho kabisa, kilikuwa kimeigusa eriali ya Nahashon kikaigeuza.

Nahashon akaitazama eriali. Akamtazama Shiundu, ambaye alikuwa ameapa habari za jani. Akaingia ndani, na kwa kuwa stima zilikuwa zimerudi mchana ule bila kumuaga mtu, tukasikia kitufe cha televisheni kikibonyezwa. Shiundu alishika shina la mti kwa mkono mmoja. Aliogopa, jamani, niseme nini kingine. Alikuwa anaogopa kama mtoto nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Nahashon akatokea mlangoni.

"Inashika," akasema.

"Inashika?"

"Inashika. Hata ile stesheni ingine." Akawageukia watu wa lori, akawapungia mkono. "Nendeni tu. Hapa kumeisha."

Lo! Ni ngoma gani itakayotosha, na ni baragumu gani? Benta akapiga kigelegele akimpepea shujaa kwa kifuniko cha sufuria. Waimbaji wa kwaya waliokuwa wakipita wakaitikia bila kuuliza ni kwa ajili ya nini. Kwa hesabu ya Muasya, Radi ilikata nusu na msumeno wa mkono nusu. Kwa hesabu ya Nasike, mdomo wake ndio uliokata lililo kubwa. Mwandishi amepima kisiki kwa rula ya Muhonja, na anaona afadhali asiandike alichokipata.

Jioni, betri ilipopoa kivulini na kuchajiwa saa mbili kwa stima ya kweli, Shiundu aliichomeka tena ili ajaribu. Aligusa kitufe kidogo tu. Radi ikazunguka kwa nguvu zake zote, meno yakawa mstari mmoja usioonekana. Shiundu na Nasike wakatazamana juu yake. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto, akahesabu vidole, akavikuta vitano, akaichomoa betri, akapangusa mnyororo, akauvisha ala yake. Nasike akaenda kuweka chai.

Kesho yake ikawa Jumapili. Shujaa alitoka mlangoni saa tatu, ameoga, amevaa shati lake jeupe la kanisani lililopigwa pasi hata likasimama lenyewe. Pale uchochoroni kulikuwa na mwanga mpya mahali lilipokuwa tawi, na mti ulikuwa umesimama wima, umepungua kidogo, kama mtu aliyetoka kinyozi. Akasimama chini yake kufunga saa mkononi. Ndipo zambarau moja, iliyoiva kupita kiasi, ikajiachia kutoka juu kabisa, ikamwangukia kifuani upande wa kushoto, ikapasuka.

"Ngoja!" akasema Nasike kutoka ndani. "Usiisugue! Vua niloweke!"

Shiundu aliliangalia doa. Lilikuwa la zambarau iliyokolea, duara, mahali hasa ambapo majenerali hubandikiwa nishani. Akataka kusema jambo kubwa, la kufaa historia, lakini kilichomtoka ni neno moja tu, tena la nyumbani Butere, la kumwita mama: "Mayi." Akaenda kanisani hivyo hivyo, akaketi safu ya pili, kila mtu akaliona.

Basi hizo ndizo habari za Shiundu wa Butere na tawi la mzambarau, kweli tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiondoa zile sehemu nilizozipamba. Atakayezitilia shaka aje mtaani, aone kisiki, aone betri zilizo kivulini, ingawa za Benta bado ziko juu ya mabati. Shati lenyewe pia lipo. Halijafuliwa, na mwandishi amelivaa anapoandika haya.